Kitambaa cha Somoe

Siku hizo pikipiki ilikuwa mali ya aliyeiosha mara ya mwisho. Ilikitambua kiganja kilichoifuta, na haikuwaka kwa mwingine. Ndiyo maana wanaume wa mtaa waliamkia ndoo kabla ya chai, wakasugua matangi mpaka ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu.

Homa ilipomwangusha Bakiri kitandani, pikipiki yake ya abiria ilibaki uani na tope lake. Asubuhi mkewe, Somoe, alimkuta jirani yao Hamduni amechuchumaa kando ya pikipiki, sabuni mkononi.

"Nataka tu kuwasaidia, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Nyumba hii ina wenyewe."

Akamnyang'anya sabuni, akachukua kitambaa, akasugua rimu na mnyororo mpaka maji ya ndoo yakawa meusi tii. Pikipiki ikalia kidogo, kisha ikataja jina la mwenyewe: Somoe. Akashusha pumzi ndefu. Watoto wangekula.

Jioni homa ikashuka.

"Mungu akubariki, mke wangu," Bakiri alisema. "Kesho nitaiosha mwenyewe."

"Pumzika kwanza, baba Tatu," Somoe alimjibu kwa upole, akakikunja kitambaa kilichokuwa bado na unyevu, akakiweka chini ya mto wake, akalala.