Kijiko cha Mbwana

Siku hizi mgonjwa wa saratani ya utumbo hutundikiwa dripu hospitalini, na nyumbani hunywa uji wa mitishamba ya Kichina kwa kijiko alichopewa. Kijiko hicho hupima mate kila kinapoingia mdomoni, na majibu hufika hospitalini papo hapo.

Mwanamvua ameupika uji huo miezi minane. Huchemsha mizizi michungu pamoja na tende nyekundu na viazi vikuu mpaka vilainike, na mgongo humuuma kabla hata hajapakua. Mumewe, Mbwana, hula nusu bakuli tu.

"Nimeshiba, mama Rukia," husema, akilisukuma bakuli.

Kwao Mwanamvua chakula hakitupwi. Basi hukichukua kijiko kilekile akamalizia yeye, amesimama penye sinki, maana akikaa hainuki tena.

Leo asubuhi muuguzi alipiga simu.

"Hongera, mama. Mwanzoni mwa bakuli mzee hana ugonjwa hata chembe. Lakini kila bakuli likifika nusu, ugonjwa unaonekana, tena umekua. Kuna mtu mwingine anayetumia kijiko?"

Mwanamvua alichungulia dirishani. Mbwana alikuwa barazani, anacheka na jirani. Alikuwa hajamsikia akicheka tangu mwaka jana.

"Hapana, mwanangu," alijibu. "Labda sikioshi vizuri."

Akakata simu, akaenda kuroweka mizizi ya kesho. Alichota konzi moja kama kawaida. Akasimama kidogo, kisha akachota ya pili.