Siku ya Saba ya Kisafisha Hewa

Mama Shemsa, jirani yetu, anadai kisafisha hewa chake kilipiga kelele kwa moshi wa udi tu. Kabla chetezo hakijapoa, maofisa wa hewa wakaingia, wakakichukua.

"Na jina langu wamelifuta kwenye orodha ya wanunuzi, shoga. Nyumba ikishatoa moshi haiuziwi tena."

Chetu tumepewa siku saba za kukijaribu. Ni kidogo kama birika, nakihamisha kila anapokwenda bibi. Jiko la mkaa nimelitoa; tunakula vya kununua, vimeshapoa. Nimechoka. Lakini bibi, aliyekuwa akilala ameketi kwa kubanwa kifua, sasa analala chali.

"Mume wangu wa pili huyu," anakipapasa, "afadhali yeye hakoromi."

Leo ni siku ya saba. Alasiri muuzaji atakuja kuuliza kama tunakinunua. Bibi ameshaoga, kanga yake mpya ameiweka magotini. Ameinusa, akainusa tena.

"Mjukuu wangu, nyumba hii hainukii kitu, kama haina watu. Nifukizie udi. Mara moja tu."

Chetezo kiko uvunguni. Taa ya mashine ni ya kijani. Nimeinama, naendelea kukunja shuka ambalo nilikwisha kulikunja.