Mchungwa wa Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu mstaafu alipasua chungwa la tano, akalinyanyua mbele ya wageni wake.

"Nani ameona mbegu? Hata moja?"

Hakuna aliyeona, kama mwaka jana, kama mwaka juzi. Mtaa mzima ulikuwa na mchungwa mmoja tu wa namna hiyo, na mwenyewe ni yeye. Kwamba ulibebeshwa, kitawi chake kikiungwa juu ya shina la mlimau, hilo hakulitaja. Mtu wa hadhi yake hana ukoo na malimau.

Jirani yake, fundi cherehani, akasogea.

"Mwalimu, naomba kitawi kimoja tu, nami nibebeshe kwangu. Mama yangu hana meno, machungwa ya sokoni anapaliwa na mbegu."

"Panda mbegu, fundi!" mwalimu akamjibu.

Wageni wakacheka hadi machozi yakawatoka. Mwalimu aliupenda sana mzaha huo. Aliurudia kila msimu, na kila msimu fundi alirudi kwake mikono mitupu.

Kisha ukaja ukame. Mchungwa ukakauka, kikabaki kitawi kimoja juu, chembamba, kimepinda, kina majani sita. Lakini chini kabisa, karibu na ardhi, likachomoza chipukizi nene, limenyooka, lina miba mirefu. Mwalimu akalitazama kwa fahari. Maisha yake yote aliwapa kisogo wanafunzi dhaifu, na hakuona sababu ya kubadili tabia uzeeni. Akachukua msumeno, akakikata kile kitawi, akakirusha juu ya ukuta. Kikanasa kwenye kamba ya nguo za fundi.

"Si ulitaka kitawi? Haya, kishone!"

Fundi alikinasua. Akaingia ndani kutafuta wembe na utepe.

Miaka mitatu baadaye, mwalimu aliwaita tena wageni wake. Matunda yalikuwa makubwa, ngozi nene. Akapasua la kwanza, akalinyanyua bila hata kulitazama.

"Nani ameona mbegu?"

"Mimi," mgeni mmoja akasema. "Kumi na tatu."

Mwingine alishaonja, alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyenyweshwa dawa. Ng'ambo ya ukuta, bibi asiye na meno alikuwa akifyonza kitu kwa kelele za raha.

Jioni mwalimu alibisha hodi kwa fundi, macho chini, akaomba kitawi.

"Panda mbegu, Mwalimu," fundi akamwambia kwa upole. "Mwaka huu unazo."