Chura Aliyependa Kupigwa Picha

Palikuwa na Chura aliyejipenda sana, na jirani yake Mjusi, mwoga wa kila kitu. Kila Jumapili mwalimu Shemdoe, ambaye burudani yake ilikuwa kupiga picha za vyura na mijusi wa porini, alifika bwawani kwao na kamera. Mjusi alijificha. Chura alikaa juu ya jiwe, akavimbisha koo.

Siku moja nyasi zilimziba Chura. Mwalimu akazing'oa zote taratibu, akampiga picha, kisha akasogea kando kuzitazama picha zake kwenye kamera.

"Jirani, ingia majini," Mjusi akamwita. "Umebaki huna pa kujificha."

"Yule ananipenda," Chura akajibu. "Hajawahi hata kunigusa. Wewe una wivu tu."

Hajamaliza kusema, Korongo akatua kati yake na maji. Chura akarukia zilipokuwa nyasi, akaangukia udongo mtupu, na Korongo akamdaka mguu.

"Mwalimu!" akalia. "Mwalimu, niokoe!"

Mwalimu akageuka upesi. Mjusi akauona mkono wake ukiinuka, akadhani utarusha jiwe. Mkono uliinua kamera.

"Tulia hivyo hivyo," mwalimu akamnong'oneza Korongo.

Korongo akatulia, Chura akipiga mateke mdomoni, mpaka picha ikatoka safi. Kisha akammeza.

Mjusi hakungoja Jumapili nyingine. Aliwahamisha wanawe kwenye miamba, na walipomuuliza sababu, aliwaambia, "Anayekupenda kwa macho tu, hata ukifa atakutazama."