Toka

Leokadia alikuta lango wazi na mbwa hayupo. Alichomoka peku hadi kando ya barabara. Tangu amwokote nyuma ya bucha, mbavu zimemtoka, alikuwa amempa jina zuri, Faraja, na kumtandikia gunia kibarazani. Mbwa hakuwahi kuliitikia jina hilo.

"Faraja! Faraja wangu!"

Mbwa alikuwa ng'ambo ya barabara, ananusanusa, malori yakipita kwa kasi. Hakugeuza hata sikio.

"Huyo keshazoea mitaa, dada," alisema jirani yake, Mama Tunu. "Mwache aende zake."

Wakati huo mbuzi wa Mama Tunu akapenya langoni, akavamia mchicha.

"Toka!" Leokadia alimfokea mbuzi. "Toka!"

Mbwa akainua kichwa, akakurupuka kuvuka. Lori likapiga honi. Leokadia akafumba macho.

Alipoyafumbua, mbwa alikuwa ameketi juu ya gunia lake, mkia ukipiga sakafu, anamsubiri. Hapo Leokadia akawakumbuka wale wauza nyama wa bucha: kila walipomrushia mfupa, walimrushia na neno hilo.

Jioni majirani walisikia sauti ya upole kibarazani.

"Toka, mwanangu. Toka, njoo ule."