Kikohozi cha Cheptoo

Siku hizo kila nyumba ya Waogiek, warina asali wa msituni, ilikuwa na mtafiti wake wa chuo kikuu, na sheria ilikataza mgonjwa kutibiwa kabla utafiti haujakamilika. Kwa Tabutany, wawili walishakuja wakaondoka na shahada zao. Huyu wa tatu, Ephantus, aliyekuja kurekodi vikohozi vya watoto, alikuwa ameuziba mtungi wa asali, dawa yao ya kifua, kwa utepe wa chuo.

"Mtoto anakohoa tangu alfajiri," alisema Tabutany. "Niachie japo kijiko kimoja nimlambishe."

"Ukimpa asali utaniharibia takwimu, Mama Cheptoo," alijibu Ephantus, mashavu yamemjaa viazi vya mwenyeji wake. "Jengo jipya la utafiti tumeshalipata kwa sababu yenu. Vumilieni kidogo."

Tabutany akautazama ule mdomo ukitafuna.

Kifua kikambana tena Cheptoo, mtoto wa miaka minne. Akashuka mapajani mwa mama yake, akakimbilia kinasa sauti cha Ephantus kilichokuwa mezani, akahakikisha taa nyekundu inawaka, ndipo akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Ephantus akampigia makofi.

"Nimekohoa vizuri, mjomba?" mtoto akauliza.