Bastola ya Bei ya Sufuria

Sheria ilimtaka kila mtu mzima awe na bastola, lakini zilikuwa ghali, na majumbani mwetu wenye nazo walikuwa waume tu. Ndipo nikabuni yangu ndogo: unaikunja katikati kwenye bawaba, unatia risasi, unaifunga. Ikifungwa tu iko tayari, maana kufuli ya usalama niliiondoa ili iwe rahisi. Ya kwanza nilimpa mke wangu, Mwanahawa; zilizofuata wakazinunua wake wa mtaa mzima, kwa bei ya sufuria.

Siku hizi mtaani hakuna mume anayefoka.

Leo mchuzi ulikuwa chumvi tupu. Nikaumaliza.

“Baba Rukia, mchuzi umekaaje?” akauliza kutoka jikoni.

“Mtamu, mke wangu.”

“Zamani ungenirushia bakuli.”

Huko jikoni, bawaba niliyoichonga mwenyewe ikafungwa: ta!